Mitutu miwili, mwendo mmoja

 Leo tupumzike kidogo na habari za simu na lugha za programu. Nataka kuwaeleza kuhusu bunduki kuukuu ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jinsi programu ya mistari 140 niliyoiandika hapa Kitale ilivyosaidia kuifanya ipige sawasawa tena. Kabla hujaniita jambazi, soma kwanza: bunduki iko Texas, mwenyewe anaimiliki kihalali, na mimi sijawahi kuigusa.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Rafiki yangu tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta chuo kikuu, mtu wa Bungoma kama mimi, siku hizi anafanya kazi Marekani. Jirani yake ni mzee wa miaka 78, mhandisi mstaafu, ambaye amerithi bunduki hiyo na anajitengenezea risasi zake mwenyewe mezani. Kule jambo hilo ni la kawaida. Mzee alikuwa anaandika matokeo yake kwa penseli katika daftari, na rafiki yangu akaona hapo kuna kazi ya programu. Akanitumia picha za daftari kwa WhatsApp na swali moja: "Unaweza kutuambia hatua inayofuata kabla hatujaifyatua?"

Mimi kazi yangu ya kila siku ni programu za mizani. Wanunuzi wa mahindi hapa Trans Nzoia wanapima magunia ya kilo 90 na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na programu yangu inasoma mizani na kuandika risiti. Kwa hiyo kurekebisha vipimo ni mkate wangu. Swali la mzee lilinikaa kichwani, nikamwambia rafiki yangu anipe siku mbili.

Kwanza maneno

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Kujitengenezea risasi maana yake ni kuchukua ganda lililokwisha kutumika, kulirudisha katika umbo lake, kutia fataki mpya, kupima baruti kwa mizani ndogo sana, kisha kubana kichwa mdomoni. Ni kazi ya subira, na mizani yake inasoma uzito mdogo kuliko punje ya mchele.

Kwa nini mzee asinunue tu dukani? Kwa sababu bunduki yake inatumia risasi ya zamani iitwayo .450/400 Nitro Express. Kampuni ya Kynoch ya Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza risasi nyingi za aina hiyo, iliacha kuzitengeneza miaka ya 1960. Zilirudi sokoni miaka ya 1990, lakini ni ghali. Na hata ukizinunua, hakuna anayekuhakikishia kwamba zitaelewana na bunduki yako. Hilo la kuelewana ndilo kiini cha habari hii.

Bunduki inayojua mwendo mmoja tu

Bunduki ya mitutu miwili ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama wakubwa. Ukikosa mara ya kwanza, risasi ya pili iko tayari bila kuvuta chuma chochote. Mitutu imelazwa sambamba na kulehemiwa pamoja, na ina kilengeo kimoja. Unaweza kudhani basi inatosha kuielekeza mitutu yote miwili mahali pamoja. Ukifanya hivyo, itapiga mbalimbali.

Sababu ni hii. Ukifyatua mtutu wa kulia, teke la bunduki halipiti katikati ya bega lako bali upande wa kulia kidogo. Bunduki inageuka kulia. Ukifyatua wa kushoto, inageuka kushoto. Na huko kugeuka kunaanza kabla kichwa cha risasi hakijatoka mdomoni mwa mtutu. Kichwa hukaa ndani ya mtutu kwa muda wa takriban sehemu 2 za elfu moja za sekunde, na muda huo mdogo unatosha kuharibu shabaha.

Kwa hiyo fundi wa zamani aliielekeza midomo ya mitutu ndani kidogo, ili kugeuka kwa bunduki kuirudishe sawa. Alipiga risasi, akatazama karatasi, akapasha lehemu moto, akasogeza kabari ndogo iliyo kati ya midomo miwili, akapiga tena. Alirudia hivyo mpaka mitutu ikapatana. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na moto, kabari na macho.

Sasa angalia matokeo yake. Kichwa kikienda polepole, kinakaa mtutuni muda mrefu zaidi, bunduki inageuka zaidi, na mtutu wa kulia unapiga kulia, wa kushoto unapiga kushoto. Kikienda kasi mno, kinatoka mapema, na mitutu inapishana: wa kulia unapiga kushoto. Katikati upo mwendo mmoja tu ambao fundi yule aliutumia siku ile. Baruti aliyoitumia ilikuwa cordite, iliyobuniwa mwaka 1889 na Frederick Abel na James Dewar, yenye umbo la nyuzi kama tambi. Baruti ya leo inaungua kwa namna nyingine. Kwa maneno yetu ya kazini: mashine iliundwa kwa toleo moja la programu, toleo hilo limekufa, na aliyeliandika hayupo.

Maandishi kwenye chuma

Hata hivyo fundi alituachia nyaraka. Sheria ya Uingereza ilidai kila mtutu ujaribiwe kwa risasi nzito kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa, na Birmingham ina nyumba ya majaribio hayo tangu mwaka 1813. Mtutu uliofaulu ulipigwa mihuri. Ukiifungua bunduki ya mzee na kutazama chini ya mitutu, unakuta maandishi yanayosema kiasi cha juu kabisa: cordite 60, kichwa 400. Hizo ni "grain", kipimo cha zamani. Kwa gramu ni kama 3.9 za baruti na 26 za kichwa.

Nilifurahi sana kuona picha hiyo. Ni mara ngapi umekuta programu ya miaka 5 tu isiyo na neno lolote la maelezo? Hii ina zaidi ya karne na maelezo yake yamechongwa mahali yasipoweza kupotea. Lakini maandishi hayo yanataja cordite pekee. Ukitia uzito uleule wa baruti nyingine, unaweza kuipasua bunduki na mkono ulioishika. Ndiyo maana hapa sitataja aina ya baruti ya mzee wala kipimo chake. Kinachofaa bunduki moja kinaweza kuua mwenye nyingine inayofanana nayo.

Kabla ya kufyatua

Mzee hakuanza na baruti. Alimpelekea fundi wa bunduki, ambaye alipima ndani ya mitutu, akaangalia kutu na nyufa, akahakikisha mitutu inafunga vizuri kwenye kitako. Kisha akaitoa mitutu, akaining'iniza kwa uzi na kuigonga taratibu. Lehemu ikiwa nzima, mitutu hulia kama kengele. Ikiwa imeachia mahali, inatoa sauti iliyokufa. Akina mama wa sokoni wanajua jambo hili bila kusomea uhandisi: hununui chungu kabla ya kukigonga.

Mitutu ililia vizuri. Risasi za kwanza zilikuwa dhaifu, na hazikufyatuliwa na mtu. Bunduki ilifungwa kwenye tairi kuukuu la gari, wakavuta kamba wakiwa nyuma ya ukuta wa zege. Baada ya kila mlio mzee alipima maganda, kwa sababu ganda lililovimba kupita kawaida linakuambia kwamba mgandamizo umepanda kabla bunduki yenyewe haijakuambia.

Data

Baada ya hapo ndipo mzee alipoanza kupiga kwa bega lake, umbali wa mita 46, na kronografu ya kupimia mwendo wa kila kichwa. Kila hatua risasi 6, tatu kwa kila mtutu, huku akiiacha bunduki ipoe katikati. Kitu kimoja tu kilibadilika kutoka hatua hadi hatua: baruti kidogo zaidi. Programu yangu ilisoma alama za karatasini, ikatafuta kitovu cha matundu ya mtutu wa kulia na kitovu cha matundu ya wa kushoto, ikapima umbali kati yao. Haya ndiyo matokeo:

- mita 565 kwa sekunde: sentimita 14.5
- mita 580 kwa sekunde: sentimita 11.2
- mita 595 kwa sekunde: sentimita 8.1
- mita 605 kwa sekunde: sentimita 5.9

Kila mtutu ulikuwa unapiga upande wake, na umbali unapungua karibu kwa mstari ulionyooka. Mtu yeyote aliyesoma hesabu za sekondari anaweza kuchora mstari huo.

Hapa rafiki yangu alitaka tutafute sifuri. Mzee akakataa, na sababu yake ni nzuri. Mitutu yenyewe imeachana kama sentimita 3 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Ukipata sifuri kwenye mita 46, maana yake njia zimekutana hapo, na mbele ya hapo zitapishana na kuendelea kuachana. Alichotaka yeye ni njia mbili zinazokwenda sambamba, na sambamba ni sentimita 3. Jibu zuri karatasini na jibu sahihi ni vitu viwili.

Programu ikakisia mita 619 kwa sekunde. Mzee akatengeneza risasi 6, akangoja asubuhi nyingine yenye joto kama la siku zilizotangulia, maana baruti huamka joto likipanda, na cordite ilisifika kwa tabia hiyo. Wakoloni walikuwa wakiagiza risasi zenye baruti pungufu kwa ajili ya nchi za joto. Wastani ukatoka mita 618. Umbali: sentimita 3.2.

Katalogi za wakati ule ziliahidi karibu mita 645 kwa sekunde kwa risasi hii. Katalogi za zamani zilijigamba kama matangazo ya simu za leo. Ukweli wa bunduki hii ulikuwa chini ya hapo, na aliyeujua ni fundi mwenye kabari.

Sehemu ya programu ninayoipenda zaidi si mstari huo. Ni mistari 9 ya juu kabisa. Kabla ya jaribio la kwanza nilimuuliza mzee mwendo ambao hatauvuka hata iweje. Akasema mita 630. Nikauandika ndani. Programu ikiona mwendo umefika hapo, au risasi za hatua moja zimetofautiana kupita kiasi, inaandika SIMAMA na inakataa kukisia hatua inayofuata. Mpaka unawekwa kabla hamu haijapanda. Mtu aliyekwisha kuona karatasi tatu zikiboreka hawezi kujiwekea mpaka wa haki.

Mto Nzoia na risasi

Nikiwa katika kazi hii nilikuwa naangalia ramani ya kwetu zaidi ya ramani ya Texas. Bunduki za namna hii zilipita hapa. Mwezi wa Novemba 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliwinda katika uwanda wa Uasin Gishu na kando ya mto Nzoia, mto uleule unaoshuka kutoka milima ya kwetu na kupita maporomoko ya Nabuyole pale Webuye. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki zake Waingereza. Huku alimkuta Carl Akeley, aliyekuwa akikusanya tembo kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Katika safari nzima Roosevelt na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512.

Miaka michache kabla yake, Mskoti W. D. M. Bell alikuwa akianzia Mumias na kuzunguka Mlima Elgon kwenda Karamoja. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Kwa Bell ukubwa wa bunduki haukuwa kitu. Alichodai ni risasi isiyomwangusha na mahali pa kuielekeza.

Wakoloni walilijua jambo hili vizuri. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa pamoja na risasi zake kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobore la kushindilia mtu angeweza kulilisha kwa baruti na kipande cha chuma. Bunduki ya ganda la shaba ilihitaji kiwanda, na kiwanda kilikuwa Ulaya. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza Lumboka na Chetambe, na miongoni mwa vyanzo vya vita hivyo zilikuwa bunduki zilizotoroshwa na askari wa Mumias, kisha kuuawa kwa kikosi kilichotumwa kuzidai. Waingereza walikuja na bunduki za rasharasha na shehena ya risasi. Chetambe ni karibu na kwetu; mtaro wa boma tulikuwa tukiuona tukiwa watoto wa shule.

Ukiangalia hivyo, mwenye bunduki ni yule anayedhibiti risasi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inalijua hilo: risasi nazo zinahitaji cheti, si bunduki peke yake. Na tangu mwaka 1997 nchi ina kiwanda chake cha risasi, pale Eldoret, safari fupi kutoka hapa Kitale.

Mama

Nilipoenda nyumbani Bungoma mwisho wa mwezi, kompyuta ilikuwa wazi mezani na picha ya bunduki iko kwenye kioo. Mama akasimama nyuma yangu akiwa na chai.

"Mwanangu, siku hizi unawatengenezea watu risasi?"

Nikamweleza: mzee, Texas, karatasi, hesabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Na dada yangu utamwelezaje?"

Mama mdogo aliolewa upande wa Cheptais. Kati ya mwaka 2006 na 2008, wakati wa kundi la SLDF Mlima Elgon na kisha operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008, mamia waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama. Yeye alikuja kwetu na godoro, sufuria mbili na watoto wanne. Nilikuwa mtoto, tukalala sita chumba kimoja. Mama mdogo mpaka leo akisikia mlango wa bati ukigongwa na upepo anaacha anachofanya.

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa mama jibu la kitaalamu. Baadaye jioni nilimwambia hivi: bunduki ya mzee inapigwa kwenye karatasi, haijaenda kuwinda na haitakwenda. Programu yangu haisemi baruti gani wala kiasi gani, inasoma matundu tu. Na nimekataa kuiweka mahali ambapo yeyote anaweza kuichukua. Mama akauliza swali moja tu: "Huyo mzee akifa, itaenda wapi?" Nikampigia rafiki yangu usiku huohuo. Mzee alikuwa amekwisha kuandika: itakwenda kwenye jumba la makumbusho, pamoja na daftari lake. Mama akasema, "Hapo sawa," akaenda kulala.

Sidhani mama alikubali kila kitu. Lakini swali lake lilikuwa bora kuliko maswali yote niliyouliza mimi, kwa sababu chuma kilichodumu miaka 100 kitawapita wote wanaokichezea leo.

Tulichobaki nacho

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tembo wa Mlima Elgon bado wapo, wachache, wale wanaoingia gizani katika pango la Kitum kukwangua chumvi ukutani kwa pembe. Hakuna anayehitaji bunduki ya mitutu miwili hapa, na mimi siitaki.

Nilichokichukua kutoka Texas nimekitumia kwenye mizani ya mahindi. Sasa kila mizani ninayoirekebisha ina faili linaloeleza ilirekebishwa kwa jiwe gani, siku gani, joto gani, na mpaka upi ikiuvuka ikatae kuandika risiti. Juzi mnunuzi mmoja alilalamika kwamba mashine imegoma foleni ikiwa ndefu. Tukaikagua, tukakuta mguu mmoja umezama kwenye tope. Mkulima aliyekuwa mbele ya foleni angepoteza kilo 4 kwa kila gunia, na alikuwa na magunia 31.